Gamshildi ya Uwanjani na Kinga ya Usiku: Kwa Nini Moja Haifanyi Kazi ya Nyingine

Mchezaji wa raga anayesaga meno usingizini huuliza swali lenye mantiki: kama tayari nina gamshildi, ile kinga ya meno ya kuvaa mchezoni, kwa nini nisilale nayo pia? Aliyetengenezewa kinga ya usiku, ile ya kulinda meno yanaposagana usingizini, naye huuliza kinyume chake Jumamosi asubuhi kabla ya mechi. Jibu kwa wote wawili ni hapana. Sababu zikishaeleweka, mengi kuhusu vifaa hivi hayasumbui tena: kwa nini kimoja ni laini na kingine kigumu, kwa nini kimoja unaweza kukipata dukani na kingine hupaswi, na kwa nini kila kimoja kina namna yake ya kuharibika.

Uwanjani tatizo ni pigo. Bega, kiwiko, ngumi au mpira wa hoki hufika mara moja, na kwa kawaida hukuta meno ya mbele ya juu kwa sababu ndiyo yaliyotangulia. Pale panahitajika kitu kinachobonyea, kinacholitawanya pigo juu ya meno mengi lisilielemee jino moja, na kinachokaa kati ya meno ya juu na ya chini yasigongane taya linapojifunga ghafla. Usiku hakuna pigo. Kuna misuli ya taya inayokaza na kulegea, kukaza na kulegea, kwa nguvu ambayo mtu akiwa macho asingeithubutu, huku meno yakisuguana kwenda pembeni. Ukiweka kitu laini hapo, meno huanza kukitafuna kama chingamu. Kwa baadhi ya watu misuli huongeza bidii badala ya kupumzika, na baada ya miezi michache plastiki ina matundu. Kinachofaa usiku ni kigumu, bapa na chenye uso unaoteleza, ili meno yateleze bila kupata mahali pa kushika. Kigumu hicho hicho ukikivaa uwanjani, pigo likifika kinaweza kupasuka vipande mdomoni.

Ya uwanjani

Magharibi mwa Kenya na Nakuru ni ukanda wa raga: klabu ya Kabras Sugar iko Kakamega, Nakuru wana uwanja wao pale Nakuru Athletic Club, Kisumu wana mashindano ya Dala Sevens, na shule za upili hutoa wachezaji kila mwaka. Hoki na ndondi nazo zina wafuasi wao. Kwa hiyo gamshildi zinanunuliwa, ila nyingi ni za aina isiyofaa.

Ile inayouzwa ikiwa na umbo lake tayari, isiyobadilika, tuimalize kwa sentensi moja: inashikiliwa na kuuma tu, ukifungua mdomo inaanguka, na mchezaji hawezi kupumua wala kuita pasi akiwa nayo, kwa hiyo usiinunue.

Ya pili ni ile ya kuchemsha na kuuma. Hii inaweza kuwa na manufaa ikitengenezwa vizuri, na hapo ndipo watu wengi hukosea. Chemsha maji, yaondoe motoni, subiri nusu dakika, kisha tumbukiza kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, ambao kwa nyingi ni kati ya sekunde 30 na 60. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka huko kwenye nyuzi 94 hivi. Kisumu ni nyuzi 96 hivi. Plastiki inayotumika, EVA, hulainika chini ya joto hilo, kwa hiyo hakuna haja ya kuongeza muda. Ikikaa sana hujikunja na kupoteza umbo. Itoe kwa kijiko, ipitishe kwenye maji baridi mara moja ili isiunguze ufizi, iweke kwenye meno ya juu, kisha uma polepole, kwa kugusa tu. Umbo halitokani na kuuma. Linatokana na kunyonya hewa itoke, kubonyeza mdomo wa juu na mashavu kwa vidole, na kusukuma kwa ulimi upande wa ndani. Shikilia hivyo nusu dakika, kisha itie kwenye maji baridi.

Kosa kubwa ni kuuma kwa nguvu. Meno ya chini yanazama kwenye plastiki iliyolainika mpaka karibu yakutane na ya juu, na sehemu iliyopaswa kuwa nene kuliko zote inabaki ngozi nyembamba. Ukiishika kwenye mwanga ukaona inapitisha mwanga mahali pa magego, hiyo haina kazi tena. Mwenye braces asijaribu kabisa aina hii, kwa sababu plastiki ya moto huingia kwenye vifungo vya waya, ikapoa humo.

Iliyopimwa mdomoni

Kinga iliyotengenezwa kwa kipimo cha mdomo wako huanza kwa uchunguzi. Jino lililooza huzibwa kwanza, kwani likizibwa baadaye umbo lake linabadilika na kinga haikai. Kisha unachukuliwa chapa ya meno kwa aljineti, unga unaotokana na mwani, unaokorogwa na maji ukawa ujiuji, ukatiwa kwenye trei na kuingizwa mdomoni. Hukaa dakika mbili au tatu. Ukihisi kutapika, inamisha kichwa mbele, pumua kwa pua na utikise vidole vya miguu. Usilale chali.

Joto la maji lina maana kubwa hapa. Aljineti huganda haraka maji yakiwa ya vuguvugu, na mchana wa Kisumu maji ya bomba tayari yana uvuguvugu. Kliniki makini huweka maji kwenye friji, la sivyo ujiuji huanza kuganda kabla trei haijafika mdomoni, na chapa hutoka ikiwa na mikunjo kwenye magego.

Jambo linaloharibu kinga nyingi kwenye miji midogo ni usafiri. Sehemu kubwa ya aljineti iliyoganda ni maji. Ikiachwa wazi inakauka na kusinyaa, ikilowekwa inafura. Inatakiwa kufungwa kwa karatasi yenye unyevu na kumwagiwa plasta (unga wa jasi uliokorogwa na maji) ndani ya nusu saa. Kliniki ya Busia au Siaya ikiipeleka chapa yenyewe kwa matatu hadi maabara ya Kisumu, inayofika si chapa ya meno yako tena. Fundi atatengeneza kinga nzuri ya mdomo usiokuwepo, mgonjwa ataambiwa "itazoea", na haitazoea. Njia sahihi ni kumwaga plasta pale pale kliniki, kusubiri saa moja hivi igande, kisha kutuma modeli ya plasta, yaani nakala ya meno yako. Wengine hutumia silikoni, ambayo hushika umbo lake kwa siku kadhaa, au kamera ya kupiga picha za meno na kutuma faili kwa intaneti. Unayo haki ya kuuliza: plasta inamwagwa hapa au chapa inatumwa? Jibu litakuambia mengi kuhusu kliniki hiyo.

Plasta ngumu ya meno hupimwa kwa mizani: gramu 100 kwa mililita 30 za maji, kwa vipimo vya kawaida. Ikiwa nyepesi mno, ncha za meno ya modeli humomonyoka. Viputo vya hewa navyo huharibu kwa njia mbili. Kiputo kilichobaki kwenye aljineti hujaa plasta na kuwa kinundu juu ya jino la modeli, na kinga hutoka na pengo mahali hapo. Kiputo kilichobaki ndani ya plasta huacha shimo, plastiki inadidimia humo, na kinga hutoka na kinundu kinachobonyeza jino. Ukihisi jino moja tu linauma unapoivaa, fikiria hili kwanza. Hurekebishwa kwa dakika chache.

Modeli hukatwa ikabaki umbo la kiatu cha farasi, ikakaushwa na kuwekwa kwenye mashine. Karatasi nene ya EVA hupashwa moto mpaka inaning'inia sentimita moja na nusu hivi, kisha hushushwa juu ya modeli huku hewa ikivutwa kutoka chini. Inapojinyoosha inapungua unene, hasa mbele ya meno, kule kule unakohitaji ulinzi. Karatasi ya milimita 4 inaweza kubaki nusu yake. Ndiyo maana mafundi wazuri hutumia karatasi mbili zilizounganishwa kwa mashine ya shinikizo. Unene unaolengwa ni milimita 3 mbele ya meno, 2 hadi 3 juu ya magego, na 1 hadi 2 upande wa ulimi. Fundi akiivua kutoka kwenye modeli kabla haijapoa sawasawa, inajirudi kidogo kuelekea umbo la awali, na kesho yake haishiki.

Kingo zake zinapaswa kuishia milimita 2 hivi kabla ya mkunjo wa ndani ya mdomo, na kukatwa mwanya kwa ajili ya ule utando unaounganisha mdomo wa juu na ufizi. Usipokatwa, utando unachubuka mechi ya kwanza. Nyuma inafika kwenye gego la kwanza angalau, na bora la pili. Halafu ijaribu kabla hujalipa: fungua mdomo, tikisa kichwa, ongea, kunywa maji. Inapaswa kubaki juu yenyewe. Funga taratibu: magego ya pande zote mbili yaguse kwa wakati mmoja. Ikigusa upande mmoja tu, pigo litalisukuma taya upande mwingine.

Mambo mawili ya kando kwa wachezaji. Katika ndondi za ridhaa usichague rangi nyekundu, hata mchanganyiko wenye wekundu. Haikubaliki, kwa kuwa refa lazima aweze kuona damu. Na gamshildi isiuzwe kama dawa ya mtikisiko wa ubongo. Inalinda meno, midomo na taya. Ushahidi kwamba inazuia mtikisiko haujasimama imara. Zile zenye vihisio ambazo World Rugby ilianza kuzitumia kwenye mechi za kiwango cha juu Januari 2024 hupima mshtuko wa kichwa ili daktari amtoe mchezaji akachunguzwe. Hazipunguzi mshtuko huo.

Na jino likiruka licha ya yote, lishike kwa sehemu nyeupe, usiguse mzizi, lisuuze kidogo kwa maziwa bila kulisugua, ulirudishe kwenye tundu lake na kuuma kitambaa. Ikishindikana, lisafirishe ndani ya maziwa freshi baridi. Mala (maziwa ya mgando) haifai, ina asidi. Nusu saa ya kwanza ndiyo yenye tumaini kubwa. Jino la utoto lisirudishwe, kwani linaweza kuliumiza la ukubwani lililo chini yake.

Ya usiku

Watu wazima wapatao asilimia 8 husaga meno usingizini, na watoto ni wengi zaidi. Nyumbani huambiwa ni minyoo. Mpe mtoto dawa ya minyoo kwa ratiba yake kwa sababu nyingine nzuri, lakini usitarajie meno yanyamaze. Kusaga meno kunatoka kwenye ubongo, katika vile vipindi vya usingizi ambapo mtu nusura aamke. Msongo wa mawazo huchochea, na vilevile pombe, sigara, kahawa ya usiku na miraa. Baadhi ya dawa za mfadhaiko kama fluoxetine na sertraline nazo zinaweza kuleta. Usiziache mwenyewe, mwambie aliyekuandikia. Watoto wengi huacha wanapokua, na kwa kawaida hatuwatengenezei kinga ngumu kwa sababu taya bado linakua na meno yanabadilika.

Dalili ni hizi: taya zito asubuhi, maumivu ya pembeni mwa kipaji cha uso, meno yenye ncha zilizosawazika, mstari mweupe ndani ya shavu, alama za meno kando ya ulimi, mazibo yanayovunjika mara kwa mara. Anayelala nawe huwa shahidi bora kuliko wewe. Akisema pia kwamba unakoroma na pumzi husita, lisemee hilo kabla ya kitu kingine chochote. Kinga ya kawaida ya meno ya juu inaweza kuizidisha hali hiyo kwa baadhi ya watu, na tatizo la pumzi ni kubwa kuliko la meno.

Kinga ya usiku haiponyi kusaga meno. Inahamisha uharibifu: badala ya jino kuisha, plastiki inaisha. Ukiona imechimbika baada ya mwaka, imefanya kazi yake.

Hutengenezwa kwa akriliki ngumu, unene wa milimita 2 hadi 3 kwenye magego, au kwa tabaka mbili, laini ndani na ngumu nje, kwa anayeshindwa kuvumilia akriliki tupu. Hapa chapa huchukuliwa ya juu na ya chini, pamoja na kipimo cha namna yanavyokutana. Meno yote yafunikwe. Vile vifaa vidogo vinavyokaa kwenye meno ya mbele pekee huacha magego hewani, nayo meno yasiyoguswa na kitu hujongea polepole. Baada ya miezi mtu akifunga mdomo, meno ya mbele hayakutani tena. Isitoshe kifaa kidogo ni rahisi kumezwa usingizini.

Kazi nusu iko kwenye kuirekebisha siku ya kuivaa. Daktari anaweka karatasi ya rangi, unauma, na alama zinaonyesha nani anagusa. Zinapaswa kuwa alama ndogo, nyingi, za wino unaolingana kushoto na kulia. Kisha unaburuta taya pembeni: hapo chonge peke yake ndiyo ibebe, magego yaachane. Kliniki inayokukabidhi kinga kwenye kiboksi bila hatua hii haijamaliza kazi. Rudi baada ya wiki moja au mbili, kwa sababu misuli ikilegea taya hukaa mahali papya na alama hubadilika.

Usiku wa kwanza mate hujaa na kinga hubana. Kubana kuishe ndani ya dakika kadhaa. Asubuhi meno huonekana kana kwamba hayakutani sawasawa. Nayo hupita haraka. Ikiendelea hadi adhuhuri, acha kuivaa na urudi kliniki.

Nakuru, Gilgil, Njoro na Naivasha zina jambo lao. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na waliokunywa utotoni wana meno yenye madoa ya kahawia. Watu huona rangi tu. Lakini hali ikiwa kali, enameli yenyewe ina vitundu, na kingo zake hubanduka kwa urahisi. Mtu wa namna hiyo akisaga meno hupoteza jino haraka kuliko mwenzake, kwa hiyo asisubiri maumivu. Chapa yake itolewe kwa uangalifu, vishimo vizibwe kwanza, na kinga isibane mno, kwani kuivua kila asubuhi kwa kuinyanyua kwa kucha kwenye jino moja kunaweza kubandua ukingo. Ivue kwa vidole viwili, kushoto na kulia kwa pamoja.

Kisumu na maeneo ya ziwani wapo wazee wa Kiluo waliotolewa meno ya mbele ya chini ujanani kwa mila. Hao nao wanaweza kusaga meno, na kinga ya juu huwafaa kabisa, mradi isawazishwe kwenye magego na meno yaliyobaki badala ya kufuata mchoro wa kitabuni.

Mchana nako kuna kazi. Wengi hukaza meno wakiwa macho, kwenye usukani au mbele ya kompyuta, na kinga ya usiku haiwasaidii hapo. Midomo ifungwe, meno yaachane, ncha ya ulimi itulie nyuma ya meno ya mbele ya juu. Mbali na kula na kumeza, meno hayana sababu ya kugusana.

Kwenda wapi, na kuitunza

Hospitali za rufaa za Nakuru, Kisumu (Jaramogi Oginga Odinga) na Eldoret (Moi) zina idara za meno, na kliniki za binafsi ziko katika kila mji mkubwa. Hakikisha anayekuhudumia amesajiliwa na baraza la madaktari na madaktari wa meno la Kenya, KMPDC. Uliza bei inajumuisha nini: chapa, kinga, kuirekebisha, na ziara ya kurudi. Bei nafuu isiyo na ziara ya kurudi si nafuu kwa kinga ya usiku. Mchezaji anayesaga meno aombe vyote viwili vitengenezwe kwa modeli za chapa moja, na modeli zitunzwe. Mradi hajazibwa jino wala kuwekewa kofia ya jino, zinaweza kutumika tena.

Osha kwa maji baridi, brashi laini na sabuni isiyo na manukato. Dawa ya meno ina mchanga mwembamba unaoikwaruza akriliki, na bakteria hukaa kwenye mikwaruzo. Maji ya moto hupotosha umbo, Jik (dawa ya kung'arishia nguo) huila plastiki. Ikaushe, uiweke kwenye kiboksi chenye matundu. Ukiifunga kwenye leso itatupwa, na mbwa wa nyumbani hupenda sana harufu ya mate. Usiiache kwenye dashibodi ya gari, hasa Kisumu: EVA hupoteza umbo kwenye joto la gari lililoegeshwa juani, na huwezi kuliona hilo mpaka uivae. Gamshildi ya mtu mzima ikaguliwe kila msimu, ya mtoto mapema zaidi kwa kuwa meno yanaota. Ikichanika ukingoni usiikate mwenyewe kwa mkasi, kwa sababu ukingo huo ndio unaoishikilia. Ipeleke kwa fundi aupashe moto na kuulainisha, au atengeneze nyingine.